Baiskeli za kaboni Tabora: tunabishania nguvu, tunasahau historia ya kifaa

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, Septemba 21 hadi 28, 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, mazungumzo ya vijana wa resi hapa Tabora yamebadilika. Walimwona Tadej Pogačar wa Slovenia akitwaa ubingwa katika nchi jirani. Bado wanamkumbuka Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kurudi nyumbani na jezi ya kijani ya kinara wa pointi. Zamani mabishano yao yalikuwa ya gia na matairi. Siku hizi ni ya kaboni. Kwenye mitumba ya baiskeli inayoshushwa mjini, moja moja huja ikiwa na fremu ya kaboni au uma wa kaboni, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, na kijana aliyeuza gunia la mpunga au aliyepewa sehemu ya fedha za tumbaku na baba yake anaweza kuinunua. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Kundi moja linasema kaboni ni plastiki iliyopakwa rangi, itakukatikia katikati ya barabara ya Nzega na uso wako uishie kwenye lami. Kundi la pili linajibu kwamba kaboni ina nguvu kuliko chuma, ndiyo maana mabingwa wanaitumia, na anayeiogopa ni mshamba.

Makundi yote mawili yanajibu swali ambalo si letu. Kaboni ina nguvu, na hilo halina mjadala tena. Kinachopaswa kutusumbua ni kwamba usalama wa kifaa cha kaboni unategemea mambo mawili ambayo jicho haliyaoni: kilipitia nini kabla ya kukufikia, na kilifungwa kwa nguvu kiasi gani. Mambo hayo mawili ndiyo yanayokosekana kwenye soko la mitumba na kwenye gereji zetu. Kwa hiyo nasema wazi: fremu ya kaboni iliyotumika inaweza kununuliwa kwa tahadhari, lakini usukani, shingo ya usukani (kipande kinachoushika usukani juu ya uma) na uma wa kaboni usiojulikana ulikotoka visifungwe kwenye baiskeli ya mtu yeyote hapa Tabora mpaka tupate namna ya kuvikagua.

Tuanze na kitu chenyewe. Kaboni ya baiskeli ni nyuzi nyembamba mno, unene wake ni kama sehemu ya kumi ya unywele wa mtu, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu iitwayo epoksi. Uzi wa daraja la T700 wa kampuni ya Toray ya Japani, moja ya nyuzi zinazotumika sana, huhimili mvuto wa megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 4,900 kabla ya kukatika. Chuma cha kawaida cha ujenzi huishia kwenye 400 hivi. Uzito nao ni tofauti kabisa: lita moja ya chuma ina karibu kilo 8, lita moja ya kaboni iliyogandishwa ni kilo 1.6. Ndiyo maana fremu nzima ya kaboni inaweza kuwa na kilo moja tu, na shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, lililazimika mwaka 2000 kuweka sheria kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Phoenix yetu ya kubebea mizigo ina kilo 20 hivi kabla hujaiwekea kitu kwenye keria.

Lakini namba ile ya 4,900 ni ya uzi unaovutwa kwa urefu wake. Ukishaunganishwa na gundi, nguvu inabaki nusu hivi, na ukiuvuta kwa ubavu, ambako gundi peke yake ndiyo inayoshikilia, haifiki hata 100. Seremala yeyote wa Tabora aliyewahi kushika mninga analijua jambo hili: ubao ule ule unaobeba paa la nyumba ukiupiga kwa kufuata nyuzi zake unapasuka kwa shoka moja. Mtengenezaji wa fremu hupambana na udhaifu huo kwa kulaza tabaka kwa pembe tofauti, nyingine kwa urefu wa bomba, nyingine kwa mshazari, nyingine kulizunguka. Kila tabaka linakisia mzigo utakaotoka upande fulani. Bomba la juu la fremu, kwa mfano, limepangwa lipokee msukumo wa kanyagio na mtikisiko wa barabara. Halikupangwa mtu alikalie. Kwa Phoenix, kumpakia mtoto kwenye bomba ni jambo la kila siku na chuma hakijawahi kulalamika. Kwa fremu ya kaboni ya resi, ambayo ukuta wa bomba lake unaweza kuwa na unene wa milimita moja tu hapo katikati, kitendo hicho hicho kinatosha kuvunja tabaka za ndani, na ndiyo maana watengenezaji wengi huonya katika vitabu vyao kwamba bomba la juu lisikaliwe.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye namna ya kufa. Chuma laini huvutika asilimia 20 na zaidi kabla ya kukatika. Kwa lugha ya gereji, kinapinda. Uma wa chuma ukigonga shimo unarudi nyuma, gurudumu linaanza kugusa bomba, na wewe mwenyewe unajua leo si siku ya kwenda mbali. Fundi anaunyoosha, au anauchomelea, na maisha yanaendelea. Kaboni huvutika asilimia 2 hivi, basi. Haipindi. Inabeba mzigo wote bila kubadilika umbo, halafu inakatika. Kinachotisha zaidi ni kwamba kati ya uzima na kukatika kuna hali ya tatu: tabaka za ndani zimeachana kwa sababu ya kipigo, na nje rangi bado inang'aa. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kubeba mpanda baiskeli wiki nyingi, nguvu yake ikipungua kidogo kidogo, mpaka siku ya shimo la kawaida tu. Hoja hii ndiyo yenye uzito kuliko zote zinazotolewa dhidi ya kaboni, na sioni namna ya kuipuuza.

Hoja nyingine za kundi la waoga hazina uzito huo. Inasemwa kwamba jua la Tabora litayeyusha gundi. Epoksi iliyokwisha kukomazwa kwa joto haiyeyuki. Hulainika ikifikishwa kwenye joto ambalo jua la mchana halilifikii, na rangi ya juu huikinga dhidi ya miale. Ndege za Dreamliner 787 za Air Tanzania, ambayo ya kwanza iliingia nchini Julai 2018, nusu ya uzito wa muundo wake ni nyenzo za namna hii, na zinakaa juani pale uwanja wa Dar es Salaam bila kuyeyuka. Joto linaloweza kuleta madhara ni la breki. Rimu za kaboni zinazobanwa na raba za breki pembeni hupata moto mkali kwenye mteremko mrefu, gundi ikalainika, rimu ikaharibika au tyubu ikapasuka. Tabora ni tambarare, hivyo hatari hiyo hapa ni ndogo. Ndugu zetu wa Kigoma, wanaoteremka kutoka nyanda za juu za Kasulu na Manyovu kuelekea ziwani, hawana sababu ya kununua rimu hizo hata wakipewa kwa bei ya bure.

Hoja inayorudiwa kuliko zote ni ya Titan. Juni 2023 chombo hicho cha kuzamia, ambacho mwili wake ulikuwa wa kaboni, kiliangamia kikielekea kwenye mabaki ya Titanic, kina cha mita 3,800 hivi, na watu watano wakafa. Tangu hapo, mtu akitaka kukatisha mazungumzo ya kaboni anataja Titan na watu wananyamaza. Hawapaswi kunyamaza. Chombo cha kina kirefu kinabanwa na maji kutoka kila upande, na kaboni ni hodari wa kuvutwa kuliko kubanwa. Bomba la baiskeli halikutani na mbano wa aina ile hata siku moja. Halafu Titan haikuwa imethibitishwa na taasisi yoyote huru. Mwaka 2022, chombo kilipokuwa kikipanda kutoka kilindini, ulisikika mshindo mkubwa, na vipimo vya mwili wake vikabadilika baada ya hapo, lakini kikaendelea kutumika. Anayeisoma habari hiyo kwa makini ataona kwamba haithibitishi kuwa kaboni haifai. Inaonyesha jinsi watu walivyopewa dalili ya kuharibika kwa ndani, wakaamua kuendelea. Funzo hilo linatuhusu, ila si kwa namna linavyotumiwa vijiweni.

Kundi la pili nalo lina hoja zake za kukosoa. Wanasema: kama Pogačar anashuka milima kwa kasi ya gari juu ya kaboni, mimi wa mtaa wa Ng'ambo ninayekwenda Kiloleni, hapa hapa mjini, nitadhurika na nini? Hoja inavutia, lakini inaacha nje watu wote wanaomzunguka Pogačar. Mkimbiaji wa timu kubwa ana mafundi wanaoosha na kukagua baiskeli yake kila jioni ya mashindano. Akianguka anapewa nyingine kutoka juu ya gari, na ile iliyoanguka haipandwi tena mpaka ikaguliwe. Hata ndege ninayoisifia hapo juu ina ratiba ya ukaguzi, na wahandisi wanaopima mwili wake kwa mawimbi ya sauti kila unapogongwa na gari la mizigo. Kaboni ya mabingwa ni salama kwa sababu historia yake inajulikana tangu kiwandani. Sasa baiskeli ikichoka au ikianguka vibaya huko Ulaya au Japani, mwenye nayo akaona afadhali aitoe, ikapakiwa kwenye kontena pamoja na baiskeli za watoto na za mama wa kwenda sokoni, ikashuka bandarini na kupandishwa lori hadi kwetu, historia hiyo imebaki wapi? Muuzaji wa hapa hadanganyi anaposema haijui. Kweli haijui.

Hapa niseme jambo kwa haki, kwa sababu kundi la waoga likisoma mpaka hapa litadhani nimewapa ushindi. Metali nazo hukatika bila kuaga. Mwaka 2006, katika mbio za Paris–Roubaix zinazopita juu ya barabara za mawe, Mmarekani George Hincapie alikuwa kati ya waliopewa nafasi kubwa ya kushinda. Bomba la shingo ya uma wake lilikatika, akabaki ameshika usukani usioshikamana na kitu, akaanguka na kuumia bega. Bomba lile lilikuwa la aluminiamu, na alikuwa ameshaanguka mapema katika mbio hizo hizo. Septemba 2023 kampuni ya Shimano iliitisha ukaguzi wa mikono ya pedali kiasi cha 760,000 Marekani na Kanada, baada ya taarifa 4,519 za mikono hiyo kuachana. Ilikuwa ya aluminiamu, vipande viwili vilivyogundishwa. Aluminiamu, tofauti na chuma, haina kiwango cha chini cha mzigo ambacho chini yake haichoki. Kila mtikisiko unaihesabia siku. Kwa hiyo anayekimbia usukani wa kaboni wa mtumba na kukumbatia wa aluminiamu wa mtumba wenye miaka 15 hajakimbia mbali. Kaboni mpya nayo huweza kutoka kiwandani na kasoro: Machi 2021, katika mbio za Le Samyn nchini Ubelgiji, upande mmoja wa usukani wa Mathieu van der Poel ulikatika akiwa mbioni, na Canyon, waliotengeneza baiskeli ile, wakawataka wenye baiskeli za aina hiyo waache kuziendesha mpaka watakapopewa vifaa vingine. Angalia lakini kilichofuata. Kampuni ilijua ni toleo gani, imemuuzia nani, na ikawafikia. Ukinunua baiskeli kama hiyo kwenye rundo la mitumba, tangazo la namna hiyo litakufikia kwa njia gani?

Sasa twende gereji, maana nusu ya tatizo iko huko na haizungumzwi kabisa. Nilisimama kwa fundi mmoja Gongoni, mtu mzima mwenye heshima zake, anayeweza kunyoosha rimu kwa macho tu, akizungusha gurudumu na kugusa spoku moja moja. Kijana alikuwa amemletea baiskeli ya resi ili abadilishiwe shingo ya usukani. Uma ulikuwa wa kaboni mpaka juu kabisa, pamoja na bomba lake linalopanda hadi kwenye shingo ya usukani. Fundi alichukua ile nati ya nyota, yenye meno ya chuma kama ilivyo kwenye baiskeli nyingi za siku hizi, akaiweka juu ya bomba na kuinua nyundo. Kwenye bomba la chuma au aluminiamu ndivyo inavyofungwa: unaipiga izame, meno yake yanauma ukuta wa ndani, kisha boliti ya juu inavuta. Kwenye bomba la kaboni meno hayo yanachana tabaka kwa ndani, mahali ambapo shingo ya usukani inabana kwa nje. Kinachotakiwa hapo ni plagi ya kutanuka, inayoingizwa kwa mkono na kukazwa taratibu, ambayo pia inaukinga ukuta usibonyezwe. Nilimwomba asimame, tukaelewana. "Mwanangu, miaka yote hii hakuna aliyeniletea karatasi ya haya mambo," aliniambia, na sikuona kosa lake liko wapi. Amefunzwa na chuma, na chuma kimemfunza vizuri.

Kukaza boliti ni somo hilo hilo. Kanuni ya gereji ni kukaza mpaka ilie, halafu robo zaidi. Shingo nyingi za usukani wa kaboni zimeandikwa ubavuni nyutoni-mita 5. Kwa spana yenye urefu wa sentimita 20, hiyo ni nguvu ya mkono ya kuinua kilo mbili na nusu. Ni kidogo mno kwa mtu aliyezoea kufunga ekseli ya baiskeli ya mkaa. Akikaza kwa mazoea yake anazidisha mara mbili au tatu, na bomba linabonyezwa ukingoni mwa kibano, mahali ambapo kila shimo la barabarani litakuja kulipinda. Na ukimwambia akaze kidogo tu bila kipimo, usukani utazunguka mikononi mwa mpandaji anapofunga breki, na hilo nalo ni ajali. Hakuna busara ya fundi inayoweza kukisia hapo katikati kwa uhakika. Kuna spana ya kipimo, inayotoa mlio ikifika namba uliyoiweka, na kuna mafuta mazito yenye chembechembe mfano wa mchanga laini yanayopakwa kwenye maungio ya kaboni ili yashike bila kukazwa sana. Grisi ya kawaida inafanya kinyume chake: inatelezesha, halafu fundi anaongeza nguvu. Kifaa cha aluminiamu kikikaa ndani ya kaboni muda mrefu kwa jasho na maji bila kinga, aluminiamu huliwa na kutu yake ya unga mweupe, vikagandana. Anayekuja kukichomoa kwa bomba refu na nyundo anavunja fremu kabisa. Nguzo za siti ndizo zinazokumbwa zaidi.

Usafiri wetu pia haukufikiriwa na waliotengeneza vitu hivi. Kijana wa Tabora akialikwa kwenye mashindano Shinyanga au Mwanza, baiskeli inapanda basi. Inalazwa kwenye buti, juu yake magunia ya mchele, au inafungwa juu kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu za zamani na kuvutwa kwa nguvu za watu wawili. Mpira ule ukizungushwa kwenye bomba jembamba la kaboni unalibana kwa ubavu, upande wake dhaifu. Nani atajua kesho yake asubuhi, kwenye mstari wa kuanzia, kwamba gunia lilidondokea wapi?

Watu huniuliza kuhusu kugonga kwa sarafu. Njia hiyo ipo kweli: unagonga bomba polepole kwa sarafu, ukisikiliza. Palipo pazima hutoa mlio mkavu na wa juu. Palipoachana tabaka hutoa mlio mzito uliokufa. Inafaa, na isidharauliwe. Lakini unene wa bomba hubadilika karibu na maungio, mlio nao unabadilika bila ubaya wowote, hivyo asiye na uzoefu atakataa fremu nzima na kupokea mbovu. Uma na usukani ni shida zaidi, kwa kuwa sehemu inayokatika imefichwa ndani ya kibano au ndani ya fremu. Lazima ufungue kila kitu, ufute kwa kitambaa cha pamba uone kama nyuzi zinanasa, uangalie alama za kukandamizwa, ubonyeze kwa kidole gumba uone kama panabonyea. Rangi mpya juu ya fremu ya zamani ni sababu ya kuondoka dukani, na vivyo hivyo stika iliyobandikwa mahali pasipo na maana. Kisha kuna bandia: usukani na fremu zenye majina makubwa ya Ulaya zinazouzwa mtandaoni kwa sehemu ndogo ya bei halisi. Kaboni ni rahisi kuighushi kwa sababu uzuri wote uko juu na kazi yote iko ndani; mifuko ya hewa kati ya tabaka, mikunjo, nyuzi zilizolazwa hovyo, hivyo vyote vinafunikwa na rangi. Kipo kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinachotaka fremu, uma na usukani vipigwe na kutikiswa kwa maelfu ya mizunguko kabla ya kuuzwa. Bandia haijapita huko, haijalishi imeandikwa nini.

Tukishaweka haya pamoja, uamuzi hauwi mgumu kama ubishi unavyoufanya. Vifaa havilingani kwa hatari. Nguzo ya siti ikikatika utaumia, lakini mikono yako bado ina usukani na miguu ina ardhi. Fremu ikianza kuachana, mara nyingi hutoa mlio au hulegea kabla ya kukatika kabisa, kwa sababu mzigo wake umegawanyika kwenye mabomba kadhaa. Uma, shingo na usukani havina msaidizi. Kimoja kikikatika kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, huna nafasi ya kufanya lolote. Kwa hiyo anayetaka fremu ya kaboni ya mtumba ainunue ikiwa uchi, ikaguliwe, kisha sehemu ya mbele aweke usukani na shingo ya aluminiamu iliyo mpya. Ataongeza gramu mia chache. Baadhi ya wakimbiaji wa kulipwa walibaki na usukani wa aluminiamu kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo, wakati timu zao zingeweza kuwapa wowote wanaoutaka. Uma ni mgumu zaidi, kwani wa chuma au aluminiamu unaolingana na fremu ya resi haupatikani kirahisi. Na kama uma wa kaboni hauwezi kufunguliwa na kuonekana wote, juu mpaka chini, fremu hiyo iachwe hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Najua jibu litakalokuja: unawazuia watoto wa maskini wasipande kile wanachopanda wenzao, wabaki nyuma ya Wanyarwanda na Waeritrea milele. Hoja hii inaniuma, maana ni kweli kwamba kilo tatu au nne za uzito huonekana kwenye mlima, na ni kweli kwamba baiskeli mpya ya kaboni yenye dhamana ni ndoto kwa familia nyingi za Uyui na Sikonge. Lakini barabara zetu za resi ni tambarare. Kwenye tambarare adui ni upepo kabla ya uzito, na anayejifunza kukaa nyuma ya mwenzake vizuri anaokoa nguvu nyingi kuliko atakazozipata kwa kubadilisha fremu. Kijana anayevunjika taya akiwa na miaka 19 hawezi kuwa Girmay. Fedha inayotosha fremu moja ya kaboni yenye mashaka inaweza kununulia klabu nzima spana ya kipimo, mafuta ya maungio, matairi mazuri na raba za breki.

Waandaaji wa mashindano, kwa kushirikiana na CHABATA, chama cha baiskeli nchini, wanaweza kuanza na jambo dogo kesho: baiskeli yoyote yenye usukani au uma wa kaboni ifunguliwe sehemu ya mbele na kuonwa na fundi kabla ya kupewa namba, na mkimbiaji aliyeanguka katika mbio zilizopita aseme alianguka. Chuo cha VETA hapa Tabora kinafundisha ufundi wa magari na kuchomelea. Wiki moja ya somo la baiskeli za kisasa kwa mafundi wa mtaani, ikiwemo yule wa Gongoni, haihitaji jengo jipya. Shirika la Viwango Tanzania nalo linapaswa kuutazama mtumba wa kaboni kwa namna yake, tofauti na baiskeli ya chuma, kwa kuwa kutu na ufa wa chuma mkaguzi anauona bandarini kwa macho na wa kaboni hauoni. Waagizaji wanaoleta makontena wanaweza kuombwa wauze uma na usukani wa kaboni zikiwa zimefunguliwa, mnunuzi azishike mkononi. Mwagizaji akikataa, hilo pekee linatosha kumwambia mnunuzi apite duka la pili.

Wabeba mkaa na wauza maziwa wanaoingia mjini alfajiri kutoka vijijini wao waendelee na chuma chao. Kwao hakuna kaboni iliyopangwa tabaka kwa ajili ya magunia mawili kwenye keria, na mtu yeyote atakayejaribu kuwauzia fremu nyepesi kwa jina la maendeleo aulizwe kwanza keria inafungwa wapi.